Hewa ya Kujifunzia

Vijana wa kituo cha zimamoto mmeniomba niandike, nami nimekubali kwa sababu mbili. Tangu nistaafu mke wangu ananiona nikizunguka kwenye migomba hapa Akheri kama mtu aliyepoteza ufunguo, na anasema bora nikae chini niandike. Halafu wengi wenu mlikuta chumba cha moshi cha mazoezi kipo pale Olasiti, mkadhani kilikuwapo siku zote. Hakikuwapo. Mungu alikileta kwa njia ndefu, na katika njia hiyo aliwatumia watu ambao majina yao hayapo kwenye kibao chochote. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vya kwangu havikuwa vya kusimulia.

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na Agano Jipya dogo mfukoni na viatu vilivyonibana. Nilitegemea kupewa mpira wa maji, nikapewa fagio. Aliyenipa ni marehemu Sajini Hamisi, Mrangi wa Kondoa aliyekulia Kaloleni, mtu mfupi, kifua kipana, na sauti ya muadhini. Kweli alikuwa muadhini. Zamu zilipomruhusu aliadhini kwenye msikiti wa mtaani kwao, na watu walisema sauti yake haikuhitaji spika. Aliniambia nifagie uwanja wa kituo mpaka getini. Nilipomaliza akaniuliza nimeona nini. Nikamjibu kwamba nimeona takataka.

"Umepita juu ya kifuniko cha chuma mara mbili," akasema. "Maji yetu yako chini ya kile. Siku utakapokitafuta gizani hutakuwa na fagio."

Basi nikaujua mji wa Arusha kwa mifuniko yake kabla sijaujua kwa maduka. Tulizunguka naye mtaa kwa mtaa, yeye mbele, mimi nyuma na nyundo na brashi ya waya, tukifungua, tukisugua kutu, tukipaka grisi. Kifuniko kimoja tulikikuta chini ya kibanda cha chipsi. Tulipomwomba mwenye kibanda asogee, alituuliza kama moto umeshatokea au bado tunauwazia tu.

Hamisi alinifundisha pia kutukanwa. Mnajua jinsi watu wanavyotupokea. Gari linasimama, hata mlango haujafunguliwa, mtu anapaza sauti kuuliza kama leo tumekumbuka maji au tumekuja kupiga picha. Mwanzoni nilikuwa najibu. Nilikuwa nawaeleza kwamba gari linabeba maji ya dakika chache tu, na yaliyobaki ni lazima tuyatafute chini ya ardhi. Hamisi akanivuta pembeni, akaniambia kwamba mtu anayeunguliwa ana ruhusa ya kututukana, na kwamba maelezo tuyahifadhi kwa ajili ya watu ambao nyumba zao zimesimama.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa la moshi. Alikuwa na foronya ya zamani ya bluu. Alitufunika nayo kichwa kizima, akatuingiza kwenye korido ya kituo kwa magoti, na humo alikuwa amepanga viti, madumu na wakati mwingine mtu aliyelala kimya. Ukiingia, mkono wa kulia hauachi ukuta. Ukigeuka kutoka, wa kushoto. "Ukipotea, tafuta mpira wa maji," alikuwa anasema huku akitembea juu yetu na viatu vyake. "Ukiupata mpira, fuata mpaka kwenye kiungo. Pitisha vidole. Upande wenye masikio unaelekea kwenye gari, na kwenye gari ndiko nyumbani." Nimestaafu, lakini mkinifunika macho leo na kunipa kiungo cha mpira nitawaonyesha nyumbani ni wapi.

Foronya haina moshi, hata hivyo. Moto ulipotokea kweli, tuliingia na taulo bichi puani. Hakuna aliyelazimishwa, ndivyo ilivyokuwa. Hamisi aliingia kuliko sisi wote, kwa sababu alikuwa mfupi na hewa iliyobaki huwa iko chini. Moshi wa magodoro, moshi wa rangi, moshi wa nyaya na wa dari za plastiki, vyote vilipita kifuani mwake. Wa mtaani kwao waliona kabla yetu. Adhana yake ilianza kukatika katikati. Baadaye akawa anaadhini alfajiri tu, hewa ikiwa baridi na safi. Mwisho akampisha mtu mwingine, akawa anakaa safu ya nyuma karibu na mlango. Alistaafu kabla ya umri wake, kwa ugonjwa.

Na mitungi ya hewa tulikuwa nayo. Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, maana mtu wa nje hawezi kuamini. Mitungi ilikuja kama zawadi kutoka mji rafiki wa ng'ambo, na barakoa zake, na mikanda yake, mipya kabisa, imefungwa kwenye masanduku. Tulipiga picha nayo, kisha ikaingia stoo. Tatizo lilikuwa kuijaza. Mtungi wa hewa haujazwi kwa pampu ya matairi. Unahitaji kompresa maalumu inayosafisha hewa, na ya karibu ilikuwa Dar es Salaam. Kwa hiyo kila saa ya kujifunza ilikuwa ni saa ya hewa iliyopotea, na ikatoka amri kwamba mitungi isiguswe isipokuwa siku ya moto. Siku ya moto ikifika, hakuna aliyethubutu kuivaa, kwa sababu hakuna aliyefundishwa. Mtunza stoo wetu, mtu mwaminifu sana, aliifuta vumbi kila wiki. Mgeni rasmi akija tuliipanga uwanjani, ikang'aa. Tuliitunza hewa isiishe, vikaisha vifua.

Miaka ikapita. Nikapandishwa kuwa mkufunzi wa kituo, maana yake foronya ikawa yangu. Ndipo akaletwa Zuhura, binti yake Hamisi, kitinda mimba, ametoka mafunzoni na sare bado ina mikunjo ya dukani. Aliomba mwenyewe kupangwa Arusha. Nilimbeba mgongoni akiwa mtoto. Kazini akawa ananiita afande, nyumbani kwao baba mdogo, na hakuwa mtu wa kuchanganya. Mabega ni ya baba yake. Haraka pia ni ya baba yake.

Hamisi akatuma watu waniite. Nilimkuta Kaloleni amekaa kitandani, ameegemezwa mito mitatu, maana akilala chali pumzi inakataa. Aliongea maneno machache kwa wakati, akapumzika, akaendelea. Mke wake alitaka kubaki, akamwambia akachemshe chai.

"Simkatazi kwenda, Anaeli. Ameapa kama tulivyoapa sisi."

Akaegemea mito, akapumzika.

"Ila usimwingize kwenye moshi kama tulivyoingia sisi. Na taulo. Nakuomba."

Nilimwahidi mbele za Mungu. Nilipotoka nje nikakaa kwenye gari kidogo kabla ya kuwasha, nikajiuliza nimeahidi nini.

Nilijibiwa mapema. Karakana moja ya mbao ilishika moto kule Engutoto, moto mdogo, na katikati ya kutandaza mpira nikamwona Zuhura anachovya taulo kwenye ndoo. Nikamfikia mlangoni, nikamshika mkanda kwa nyuma, nikamzuia. Wenzake wawili wakampita wakaingia. Moto ulipozimwa alinijia na uso umekunjamana.

"Afande, kwa nini mimi tu?"

Kama ni hatari kwake ilikuwa hatari kwa wale wawili, nao pia ni watoto wa watu. Nilisali juu ya jambo lile siku nyingi. Nilichokiona ni kwamba ahadi yangu haitimizwi kwa kumshika binti mmoja mkanda. Itatimia siku wote watakapoingia na mitungi wanayoijua. Kwa hiyo tulihitaji kompresa yetu wenyewe, tulihitaji mkufunzi aliyebobea katika kazi ya moshi, na tulihitaji mahali pa kujifunzia palipo na moshi wa kweli.

Mkuu wetu wa kituo hakunipinga. Aliandika juu, na majibu yalirudi ya upole: wazo ni zuri, lisubiri bajeti. Sina lawama. Mji unakua, kila upande unaomba, na zahanati nayo inaomba. Nikaanza kuzunguka kwa wenye mahoteli na wenye maghorofa, kwa ruhusa ya mkuu, nimevaa sare iliyopigwa pasi. Nilipewa chai nyingi. Mmoja aliuliza kama jina la hoteli yake litaandikwa ubavuni mwa gari. Mwingine alitaka kujua kwa nini atoe fedha kufundisha watu kwa ajili ya moto ambao huenda usitokee, nikakumbuka mwenye kibanda cha chipsi. Wa tatu alinipa kalenda. Mfanyabiashara mmoja wa malori hakusema mengi, alituonyesha makontena mawili yaliyochakaa nyuma ya yadi yake akasema kama tuna winchi tuyachukue. Ndiyo hayo mnayotambaa ndani yake leo. Mungu amzidishie.

Tukawa na chumba cha moshi bila hewa.

Sasa wale ambao si Walutheri wa huku kwetu inabidi niwaeleze desturi moja. Watu wa Meru wengi hawatoi sadaka ya fedha tu. Wanaleta walichovuna: mkungu wa ndizi, mayai, maziwa, kahawa, kuku. Ibada ikiisha tunatoka nje na vitu vile vinanadiwa uwanjani. Na anayenunua ana haki ya kusema, "Namrudishia Bwana," basi kitu kinarudi mezani kinanadiwa upya. Nimewahi kuona tikiti maji likiuzwa mpaka likaanza kupasuka.

Mimi ni mzee wa kanisa. Kwenye kikao cha wazee niliomba mnada wa sikukuu ya mavuno ya mwaka ule uwe wa kompresa. Niliongea vibaya, kwa sababu nilianza na maelezo ya shinikizo la hewa. Mzee Ndekirwa, ambaye shamba lake linapakana na langu, alinisikiliza mpaka mwisho akasema kwa heshima kwamba hapa tuna migomba mibichi na mfereji wa maji, na moto wa maghorofa unatuhusu nini. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Nikajua limeisha.

Ndipo Mama Ndeshi akaomba kusema. Ni mjane anayeuza maziwa, na kwenye kikao huwa haongei.

"Mwanangu anafanya usafi ghorofa ya nne pale mjini. Wa kwako, Mzee Ndekirwa, yuko ghorofa ngapi?"

Ndekirwa akasema ya pili.

"Na wa mchungaji?"

Mchungaji akasema hana hakika, lakini wana lifti.

"Kukicha tu watoto wetu wote wako juu," akasema Mama Ndeshi. "Mimi nauliza tu nani atawashusha."

Kisha Ndekirwa akasema atatoa jogoo. Mnaomjua mnaelewa uzito wake, maana yule jogoo mwekundu alikuwa anasifiwa hapa kijijini kuliko baadhi ya wakwe.

Mkuu wangu alipata kibali kwa sharti kwamba kituo kisipokee fedha mkononi: kanisa linunue chombo chenyewe, kisha litukabidhi. Jumapili ya mavuno nikaomba kikosi kizima kije na sare. Kulikuwa na manyunyu kutoka mlimani, yale yasiyomzuia mtu kitu. Zuhura alikuja na wenzake, na nyuma yao, kwenye gari la jirani, akaja Hamisi, amevaa koti zito na baraghashia. Sikumwalika, kwa sababu niliogopa baridi. Tulimwekea kiti ukutani upande usio na upepo.

Mwinjilisti wetu ndiye aliyenadi, na ana mdomo. Ndizi zilikwenda, mayai yakaenda, kisha akamnyanyua jogoo. Jogoo akanunuliwa na mwalimu mkuu, akarudishwa. Akanunuliwa na kwaya ya vijana, akarudishwa. Walimnunua watu waliokuja na mia za sadaka tu, wakachangiana wanne wanne, wakamrudisha. Mwinjilisti alisema hajawahi kuona kuku aliyebatizwa mara nyingi hivi, na mchungaji akajifanya hajasikia. Jogoo mwenyewe alichoka akaweka kichwa kwenye kwapa la mwinjilisti akasinzia.

Ndipo Hamisi akanyanyua mkono. Akanunua. Uwanja ukapoa, maana watu hawakujua Mwislamu mgonjwa aliyetoka mjini atafanya nini na jogoo wa kanisa, na hakuna aliyetaka kumwaibisha. Akasimama kwa kushika ukuta. Sauti ile ambayo zamani haikuhitaji spika sasa haikufika hata kwangu, na nilikuwa hatua chache tu. Ilibidi mwinjilisti ainamishe sikio, kisha aseme kwa niaba yake:

"Mzee anasema, na yeye anamrudisha."

Sijasikia makofi kama yale uwanjani kwetu, hata Krismasi. Mwishowe jogoo alinunuliwa na Mzee Ndekirwa mwenyewe, ambaye alisema amevumilia vya kutosha. Mpaka leo analalamika juu ya bei aliyomnunulia kuku wake mwenyewe, na analalamika kwa furaha. Akina mama wakatugawia loshoro, mahindi yaliyopikwa na maziwa ya mgando, tukala wote, Hamisi akalamba vijiko viwili akasifu.

Fedha haikutosha. Nasema ukweli. Lakini Ijumaa iliyofuata Hamisi alimwomba imamu wao, na imamu akalisema baada ya swala, na wafanyabiashara wa mitaa ile ya zamani wakaongeza. Parokia moja ya Wachaga ikasikia, nayo haikutaka kubaki nyuma, mnawajua. Halmashauri ya mji ilipoona wananchi wamefika pale, ikamalizia, na mkufunzi akaruhusiwa kuja.

Alikuwa Inspekta Tausi, mama wa makamo kutoka Dar es Salaam, aliyevaa sweta mbili kwa baridi yetu na kutuuliza tunaishije. Kitu cha kwanza alichofanya, kompresa ikiwa imeshafungwa, ni kuagiza mitungi yote itolewe stoo ipangwe uwanjani. Kisha akaanza kuifungua mmoja mmoja, akaiacha ile hewa ipige mluzi itoke. Mtunza stoo wetu alishika kichwa. Alisogea kama anayetaka kuzuia, akasimama, akaniangalia.

"Hewa hii imekaa sana," Inspekta Tausi akasema. "Na ilikuwa yenu siku zote. Tutajaza nyingine, na kesho nyingine."

Mitungi ilipiga mluzi muda mrefu. Mtunza stoo alijifuta macho kwa kile kitambaa cha vumbi.

Mafunzo yakaanza Olasiti. Ndani ya makontena tuliwasha majani mabichi kwenye pipa, tukaweka vizuizi, na mdoli wa magunia uliojazwa mchanga. Nilidhani Zuhura ataongoza. Mara ya kwanza alitoka katikati, amejing'oa barakoa, machozi na kikohozi. Mara ya pili mtungi wake ulikwisha njiani wakati wa mwenzake ulikuwa bado nusu. Barakoa ilimfanya apumue kama aliyekimbizwa. Yule aliyethubutu kuingia na taulo alishindwa kuingia na hewa. Inaonekana ajabu, lakini nimeiona kwa wengi baada yake: jasiri ndiye anayemaliza mtungi haraka.

Inspekta Tausi akanivuta pembeni akaniambia kwamba asiyetuliza pumzi hafuzu, na kwamba siku iliyobaki ni moja. Pengine mtu angeona hiyo ndiyo njia rahisi ya kutimiza ahadi yangu. Afeli, apangiwe kupokea simu. Lakini nilimsikia Zuhura akimwambia Koplo Lemburis, mwenzake wa zamu, huku akifungua buti.

"Nikifeli, taulo bado lipo."

Nikaenda Kaloleni. Nikamweleza Hamisi yote, sikuficha hata lile la taulo. Aliomba koti lake.

Kesho yake tulimweka kwenye kiti cha plastiki mbele ya kontena. Zuhura alipomwona alisimama, hajui kama ampe heshima ya kijeshi au ya nyumbani. Akasema, "Shikamoo, baba." Akaitikiwa, akaitwa achuchumae karibu.

"Unavuta kama mtu anayeibiwa," Hamisi akamwambia. "Vuta kidogo tu. Kazi iko kwenye kutoa."

Akamkumbusha madrasa, jinsi alivyofundishwa kusoma aya ndefu kwa pumzi moja, bila kukata katikati. Akamwambia asome vile vile, moyoni, atoe pumzi mpaka mwisho wa aya, ndipo avute nyingine. "Usisome kwa sauti. Hewa ile si ya kusomea." Kisha akataka kumwonyesha. Akavuta kidogo, akaanza kutoa, taratibu, midomo ikicheza bila sauti, na akafika mbali kuliko nilivyotegemea. Halafu kikohozi kikamshika. Kilimshika muda mrefu. Tulisimama wote, kikosi kizima na Inspekta, tukasubiri kimalizike, na Zuhura alikuwa amemshika magoti. Kilipokwisha, Hamisi akapangusa mdomo.

"Wewe utafika mwisho," akasema. "Nenda."

Zuhura akavaa, akaingia na Lemburis. Kwa nje mtu husikia vali ya barakoa kila pumzi inapovutwa. Ya Lemburis ilisikika, tik, tik. Ya Zuhura ilichelewa mpaka nikasogea mlangoni. Ikasikika. Ikachelewa tena. Hamisi alikuwa amefumba macho, kidole kimoja kikipanda na kushuka juu ya goti. Wakatoka wakimburuta mdoli, na Inspekta Tausi akasoma kipimo cha mtungi wa Zuhura, akakisoma tena.

Njia ile ya kupumua ikabaki kuwa yetu. Mimi husali Baba Yetu polepole. Kijana mmoja wa Rombo alitumia Salamu Maria. Mwingine alikiri kwamba anatumia wimbo wa mapenzi, na Inspekta akasema hajali, mradi uwe wa taratibu.

Na moto ukaja, kama unavyokuja siku zote, bila kujali kama mtu amefuzu jana au mwaka juzi. Ilikuwa asubuhi, kwenye ghorofa moja mjini. Stoo ya magodoro iliyokuwa chini ilishika, na moshi ukapanda kwenye ngazi kama kwenye dohani. Watu wengi walishuka. Wachache walikuwa bado juu. Tuliposimama tu mtu akauliza kama leo maji yapo. Yalikuwapo. Kifuniko kilikuwa pembeni pale, na tulikuwa tumekipaka grisi.

Kazi yangu ilikuwa ubao. Mnajua utaratibu: anayeingia ananiachia kibao cha jina lake, nakitundika, naandika hewa aliyonayo, na nisipomwona kwa wakati nampigia filimbi. Zuhura na Lemburis walikuja wamevaa. Akanipa kibao chake. Kisha akageuka, akanipa mgongo.

"Nimefunga vizuri, baba mdogo. Angalia."

Ni mara ya pekee aliyoniita hivyo kazini. Nikapitisha mkono kwenye mikanda, nikavuta kifungo chake, nikavuta na ule mkanda wa kiunoni. Ulikuwa umekaza. Nikauachia.

Sitawaeleza mle ndani, kwa sababu sikuwamo. Nawaeleza nje: ubao wenye vibao viwili, mpira wa maji unaosogea kidogo kidogo kuingia mlangoni, na watu waliokuwa wanatukana sasa wamenyamaza. Nilisali Baba Yetu, taratibu, kila pumzi. Filimbi ya mtungi wa Lemburis ilianza kulia ndani, ile inayosema hewa inakaribia kwisha, na mlio ule ukawa unakuja kwetu. Wakatoka wakifuata mpira. Katikati yao alikuwa mwanaume mnene, mhasibu, aliyekuwa na barakoa ya akiba usoni, na alipoivua jambo la kwanza alilolalamikia ni viatu vyake vilivyobaki juu. Mtoto wa Mama Ndeshi hakuwa katika jengo lile. Nasema ili msije mkaisimulia vizuri kuliko ilivyokuwa.

Vijana wangu, wakubwa wenu watawaambia hewa ni ghali. Waitikieni, kisha ombeni ya kujifunzia. Ombeni kwa heshima na msione haya, msikitini, kanisani, kwa wenye malori. Mkipewa kalenda, shukuruni, mkaombe kwingine. Stoo inayong'aa isiwadanganye.

Mchana ule nilimchukua Zuhura nikampeleka Kaloleni kabla hajabadili sare. Redio ilikuwa imeshasema habari ya moto, na nilijua kuna mtu amekaa kwenye mito mitatu anasubiri. Tulivua viatu mlangoni. Mama yake alimshika uso, akamwachia. Hamisi hakuuliza moto ulikuwaje, wala nani alitolewa. Alimwambia aje akae ukingoni mwa kitanda, ampe mgongo.

"Baba, nanuka. Nikaoge kwanza."

"Kaa."

Akakaa. Hamisi akajivuta kutoka kwenye mito, polepole, akaweka sikio lake mgongoni mwa binti yake, chini ya bega, kama daktari wa zamani asiye na kifaa.

"Vuta," akasema. "Toa."

Akahamishia sikio upande wa pili. Mama yake akaliacha birika bila kumimina chai.

"Vuta tena."

Zuhura akavuta, akatoa, ndefu, mpaka mwisho. Hamisi alikuwa amefumba macho. Aliendelea kusikiliza kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, na hakusema amesikia nini. Mimi nikatoka nje, nikakaa kwenye kizingiti, nikaanza kuvaa viatu vyangu bila haraka.